Siku 240 za Kijerumani kwenye simu, na bado habari sielewi

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina miaka 24, naishi Ujiji, nina stashahada ya uuguzi. Nataka kwenda Ujerumani kwa mafunzo ya kazi ya uuguzi na nimeambiwa niwe na cheti cha B1. Najifunza kwa programu ya simu, robo saa kila siku, sijaruka hata siku moja, leo ni siku ya 240. Lakini juzi nimefungua habari za Kijerumani nikaambulia maneno mawili tu. Huku hakuna mwalimu wa Kijerumani ninayemfahamu. Je, mtandao peke yake unatosha, au nikakae Dar? Nimekuambatanishia barua fupi niliyojaribu kuandika.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nakuandikia kutoka Tabora, ambako nafundisha Kijerumani kwa mtandao. Wanafunzi wangu wako Kasulu, Urambo, Nzega, wengine sijawahi kuwaona uso kwa uso, kwa hiyo hali yako naijua.

Tuanze na hesabu. Robo saa kwa siku 240 ni dakika 3,600, yaani saa 60. Ukizigawa kwa vipindi vya dakika 45 unapata vipindi 80. Ngazi za lugha ni sita, A1, A2, B1, B2, C1 na C2, kutoka chini kwenda juu. Goethe-Institut, taasisi ya Ujerumani ya lugha ambayo ndiyo yenye mtihani unaoulenga, hukadiria vipindi 80 hadi 200 kwa mtu kufika A1, na 350 hadi 650 kufika B1. Hujashindwa basi, umesimama mlangoni pa A1 na unajilaumu kwa nini huoni chumba cha uani. Tena habari ulizofungua ni za wenyeji. Hata zile habari zinazosomwa polepole za Deutsche Welle, wenyewe wamezipanga kwa watu wa B2 na C1. Usijipime nazo sasa.

Ila muda ni nusu tu ya tatizo. Nusu ya pili ni aina ya kazi uliyokuwa ukiifanya. Programu ya simu inakuwekea maneno manne, wewe unagusa moja, inalia kengele, unafurahi. Huko ni kutambua. Ni sawa na kumjua mtu kwa sura: mkikutana mwaloni unamkumbuka vizuri, lakini ukitumwa ukamwite kwa jina unabaki umesimama. Mtihani wa B1 unakutaka uite kwa jina. Nusu yake ni kuandika na kuzungumza, na huko hakuna maneno manne ya kuchagua.

Jaribu sasa hivi. Funika simu useme kwa sauti, kwa Kijerumani: kesho siwezi kuja kwa sababu mama anaumwa. Ukikwama, usione haya. Karibu kila anayekuja kwangu na siku zake mia mbili hukwama hapo hapo. Na wewe barua yako imekwama hapo hapo. Uliandika hivi:

Liebe Maria,
ich kann nicht kommen morgen, weil ich bin krank. Mein Mutter auch ist krank. Ich anrufe dich.

Na hivi ndivyo ingekuwa:

Liebe Maria,
ich kann morgen nicht kommen, weil ich krank bin. Meine Mutter ist auch krank. Ich rufe dich an.

Tazama kwamba maneno yote ulikuwa nayo. Hata ile herufi ndogo baada ya mkato wa salamu umeipatia, na watu wa B2 wanaikosea. Kilichokosekana ni mahali pa kuweka kitu, na mahali hapo panahusu kitenzi karibu mara zote. Katika sentensi ya kawaida kitenzi kinachobadilika kumfuata mtenda hukaa nafasi ya pili. Nimesema nafasi, sikusema neno la pili: meine Mutter ni maneno mawili lakini yamekalia nafasi moja, kwa hiyo ist inafuata palepale na auch inasubiri. Ukiwa na kann, mwenzake kommen anatupwa mwishoni, na vyote vingine, morgen na nicht, vinabanwa katikati. Likija neno weil, hata bin anafukuzwa mpaka mwisho. Sisi tukisema "kwa sababu" hatuhamishi chochote, ndiyo maana ulimi unagoma. Na anrufen, kupiga simu, ni kitenzi kinachokatika: rufe inabaki nafasi ya pili, an inakwenda kufunga sentensi. Mjerumani anayekusikiliza anaingoja hiyo an. Usipoisema anabaki anakutazama.

Kuhusu mein na meine, nina neno la kukutia moyo, kwa sababu watu wanaogopeshwa bure na der, die, das, vile vineno vinavyotangulia nomino kuonesha jinsia yake: der ya kiume, die ya kike, das si ya huku wala huku. Mutter ni ya die, ndiyo maana inadai meine. Wewe umekua na ngeli. Hakuna mtoto wa Ujiji aliyefundishwa kwanza kuwa kisu kiko ngeli ya KI-VI ndipo akaruhusiwa kusema "kisu changu kimepotea". Alimeza kisu pamoja na hiki, changu na kile. Fanya vivyo hivyo: usiandike Messer kwenye kadi yako, andika das Messer, die Messer, umoja na wingi. Usiandike Medikament, dawa, andika das Medikament, die Medikamente. Tofauti ni kwamba ngeli yetu huonekana kwenye kichwa cha neno, na ya kwao mara nyingi imejificha. Mara nyingine inachungulia mkiani. Neno likiishia na -ung, -heit, -keit, -schaft au -tion ni die. Likiishia na -chen ni das, na ndiyo sababu msichana kwa Kijerumani, das Mädchen, kwa sarufi si wa kike. Usiniulize walifikiria nini.

Sasa vifaa. Una programu nyingi mno, najua, maana kila mtu anazo. Bakiza chache. Uti wa mgongo uwe Nicos Weg ya Deutsche Welle, ni bure, inatoka A1 hadi B1, na inamfuata kijana wa Kihispania anayefika Ujerumani na kupoteza begi lake. Hadithi ina faida: unaikumbuka sentensi kwa sababu unamkumbuka aliyeisema. Ukitaka mazoezi zaidi ya kuandika, vhs-Lernportal ya vyuo vya watu wazima vya Ujerumani nayo ni bure. Kwa maneno tumia Anki, programu ya kadi za kukariria, ambayo ukishapakia kadi zako haihitaji bando. Pakua pia orodha ya maneno ya B1 ya Goethe-Institut, kama 2,400 hivi, kila neno lina sentensi yake ya mfano. Na pakua seti za mfano za mtihani pamoja na sauti zake, zipo bure kwenye tovuti yao. Peleka steshenari wakutolee kopi. Programu yako ya siku 240 usiifute, igeuze ya kupotezea muda ukingoja daladala.

Video zinakula bando, sauti hazili sana. Ukipata wai-fai siku moja kwa wiki, pakua sauti za wiki nzima, na siku zilizobaki fanya kazi bila intaneti. Simu iliyozimwa data haikuletei ujumbe wa kikundi cha harusi, na hiyo ni faida kubwa kuliko bando lenyewe.

Zoezi nitakalokusisitizia kuliko yote ni la zamani: imla. Chukua sauti ya dakika moja kutoka Nicos Weg. Sikiliza sentensi moja, simamisha, andika ulichosikia kwa kalamu, rudia mara tatu, kisha fungua maandishi ulinganishe. Ulipokosea piga mstari. Halafu cheza tena, na safari hii sema pamoja naye, mdomo wako ukimfuata nyuma kwa sekunde moja. Dakika moja ya sauti inaweza kukuchukua nusu saa. Inachosha, na huoni nyota wala kengele. Lakini masikio yanafunguka kwa imla, hayafunguki kwa kuacha redio ikiunguruma huku unakaanga dagaa.

Nakwambia kwa uchungu wa mwenyewe. Mara yangu ya kwanza kufanya mtihani huu nilifaulu kusoma, kuandika na kuzungumza, nikaanguka kusikiliza kwa alama 53. Niliangushwa na namba na saa, vitu ambavyo nilidhani nilivimaliza wiki ya pili.

Angalia namba. Sisi tunasema hamsini na saba. Wao wanasema siebenundfünfzig, saba na hamsini. "Na" ipo katikati kwao na kwetu, ila vilivyo pande zake vimebadilishana viti. 75 ni fünfundsiebzig. Ukisikiliza kwa haraka unaandika 57 pa 75, na kwenye mtihani umepoteza alama. Wodini, likiwa pigo la moyo au kipimo cha dawa, hilo si kosa la sarufi tena. Wewe muuguzi unalijua kuliko mimi.

Saa ni mbaya zaidi, kwa sababu sisi tuna mtego wa pili juu ya mtego wao. Halb acht si nane na nusu. Ni nusu ya kuielekea nane, yaani saba na nusu kwa hesabu yao. Na saba na nusu yao ni saa moja na nusu ya kwetu. Mswahili akisikia acht anafikiria saa nane mchana, au akijisahihisha anafika saa mbili, halafu anaongeza nusu, anaandika saa mbili na nusu. Zamu imeshaanza, yeye bado yuko njiani. Dawa yake ni moja: acha kutafsiri. Badili saa ya simu yako iwe ya Kijerumani, na kila unapoitazama isome kwa sauti kwa mtindo wao, usipite kwenye Kiswahili. Wiki tatu zinatosha.

Kwa kutamka miaka, una kitu chako hapo ziwani. Jirekodi ukisimulia habari za meli ya Liemba kwa dakika mbili. Das Schiff wurde 1913 in Papenburg gebaut: meli ilijengwa Papenburg, Ujerumani, Wajerumani wakaiita Graf von Götzen, wakaifungua vipande, wakaisafirisha hadi Kigoma na kuiunda upya, ikaingia majini 1915. Wakaizamisha wenyewe 1916, Waingereza wakaiibua 1924, ikarudi kazini 1927. Miaka mitano ya kutamka, neunzehnhundertdreizehn na wenzake, na vitenzi vya kutendwa ambavyo vipande vyake viwili, wurde na gebaut, vinakaa mbali mbali wakati sisi tunamaliza yote kwa "ilijengwa".

Kuhusu matamshi sitakaa sana. Kama umepita madrasa hapo Ujiji, ile kh ya "kheri" unayo tayari, na ndiyo ch ya Nacht na Bach. Ch ya ich ni nyingine, laini, ulimi umepanda karibu na kaakaa, na usimalizie na irabu: si "ichi". Kwa ü, sema "i" ndefu kisha viringisha midomo kama unapuliza mshumaa, ulimi ubaki pale pale. Angalia pia mkazo. Sisi tunakaza silabi ya pili kutoka mwisho karibu kila mara, kwa hiyo wanafunzi wangu wanasema arBEIten. Ni ARbeiten. Na urefu wa irabu hubadilisha maana: Staat ni dola, Stadt ni mji.

Mtihani wenyewe uko hivi. B1 ya Goethe ina sehemu nne zinazojitegemea: kusoma dakika 65, kusikiliza dakika 40, kuandika dakika 60, kuzungumza kama dakika 15. Kila moja ina alama 100 na unahitaji 60. Ukianguka moja unarudia hiyo tu, kama nilivyofanya mimi. Kwenye kusikiliza, sehemu ya kwanza na ya nne zinachezwa mara mbili, ya pili na ya tatu mara moja tu. Kwa hiyo nyumbani usijizoeshe kurudisha nyuma kila kitu: imla ni ya kujifunzia, seti ya mfano ni ya kujipimia, na siku ya kujipima sauti haisimamishwi hata mgeni akibisha hodi.

Kuandika kuna kazi tatu: barua kwa rafiki ya maneno kama 80, maoni yako juu ya jambo fulani maneno 80 hivi, na ujumbe wa heshima wa maneno 40. Huu wa tatu ni mfupi, na watu wanaudharau. Ulianza kuniandikia kwa shikamoo, kwa hiyo heshima hufundishwi. Kwa Kijerumani heshima hiyo inakaa kwenye Sie, yaani "wewe" ya heshima, kwenye salamu Sehr geehrte Frau fulani, na Mit freundlichen Grüßen mwishoni. Ukianza na Sie ukamalizia na dir, ambayo ni ya rafiki, umemwamkia mkubwa shikamoo halafu ukamwita "we".

Kuzungumza kwa kawaida hufanywa wawili wawili. Mnapewa dakika 15 za kujiandaa, mnapanga jambo pamoja, kisha kila mmoja anatoa mada fupi yenye hatua tano, na hatua ya tatu inakuuliza hali ilivyo nchini kwako. Hapo ndipo watu wanapotoa majibu ya kuazima kutoka vitabuni. Wewe mada ikiwa watoto na simu, eleza unavyoona Ujiji: nyumba nzima ina simu janja moja, ya mama, na kaka mkubwa ndiye anayeishika jioni. Msahihishaji hajawahi kuisikia hiyo, na wewe huhitaji kuikariri.

Kwa hiyo unahitaji mwenza, si lazima mwalimu. Tafuta mtu mmoja wa ngazi yako, awe Kasulu au awe Mwanza, mkubaliane kutumiana sauti za dakika mbili kila siku kwa WhatsApp, kisha mara mbili kwa wiki mpigiane na kufanya zoezi la kupanga jambo pamoja. Programu za akili mnemba nazo zinasaidia kwenye kuandika, kwa sharti moja: usiziombe zikuandikie barua. Andika mwenyewe kwanza, kisha ziambie zikuoneshe mstari wenye kosa bila kukupa jibu. Ukishasahihisha, ndipo uzidai jibu sahihi. Zikikueleza kanuni usiyoielewa, hakikisha kwenye kamusi ya Duden au kitabu cha sarufi, maana huwa zinakosea kwa kujiamini sana.

Dar basi? Usihame. Kwa saa mbili kwa siku, siku sita kwa wiki, unapata vipindi 16 kila wiki. Wiki 25 ni vipindi 400. Ukijumlisha na 80 ulivyonavyo uko 480, karibu na katikati ya makadirio ya B1. Fedha ya kupanga chumba Dar miezi yote hiyo iwe ada ya mtihani na nauli. Mtihani ndio utakaokupeleka, kwa kuwa Goethe-Institut iko Upanga. Ada na tarehe hubadilika, zitazame kwao moja kwa moja, na uulize kama utafanya kwa karatasi au kwa kompyuta. Ikiwa ni kompyuta, jua kwamba kwenye kibodi ya Kijerumani Y na Z zimebadilishana mahali. Usilipe kabla hujapata alama 75 kwenye kila sehemu ya seti mbili tofauti za mfano, ukiwa umejifungia chumbani na saa mezani. Hizo 15 za juu ni za woga wa siku yenyewe. Na kwa treni yetu ya reli ya kati, panga kufika siku mbili kabla. Nimeona mtu anaingia chumba cha mtihani na begi lake.

Jambo moja hukuliuliza. Kwa mafunzo ya kazi, yale ya miaka mitatu wanayoyaita Ausbildung, B1 ndiyo ngazi inayodaiwa kwa kawaida, ingawa waajiri wengi wa uuguzi wanapenda B2. Lakini wewe una stashahada tayari. Ipo njia ya pili, kuomba stashahada yako itambuliwe huko, ambayo kwa kawaida inadai B2 na haikurudishi darasani miaka mitatu yote. Aliyekuambia B1 muulize kwa nini hakukutajia hii. Na akitokea wa kukuuzia cheti bila kukaa kwenye mtihani, mkatae hapo hapo: cheti cha kughushi kikigundulika viza umeikosa, na siku ya kwanza wodini ungeumbuka tu.

Kwa leo, chukua karatasi. Iandike upya barua ya Maria bila kutazama juu, ila mara hii anayeumwa ni baba, unayeshindwa kwenda ni kwenye harusi, na utapiga simu Jumapili saa moja na nusu asubuhi, ukiitaja kwa mtindo wa saa yao. Ilaze. Kesho isahihishe mwenyewe kwa kalamu nyekundu, kisha niletee picha ya karatasi ikiwa na ule wekundu wake.